Dokta Cheka, Aliyetufundisha Kwamba Mtoto Naye Hupata Kiharusi

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, Dokta Cheka atavua koti lake jeupe na kulitundika kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia wodi ya watoto ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameiongoza huduma ya kiharusi cha watoto, kitengo kilichoanza na watu wawili, mkeka mmoja wa mazoezi na mlango usiofungika. Mlango bado haufungiki.

Kamati ya sherehe ya kumuaga ilimteua mwandishi wa wasifu huu kwa kauli moja, katika kikao ambacho yeye hakuhudhuria. Hakuwa na sifa nyingine. Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu wa kunyoosha magoti, si sentensi. Wodini anaitwa Kabati kwa sababu ya umbo lake, na kwa sababu siku yake ya kwanza kazini mtoto mmoja alimgonga tumboni kisha akaanza kutafuta kitasa. Msomaji akikutana na kosa, ailaumu kamati.

Dokta Cheka hakukusudia kuwa daktari wa watoto. Ndoto yake ilikuwa upasuaji. Kilichomzuia ni jambo analolitangaza mwenyewe kwa kila mwanafunzi anayekanyaga wodini, kabla hata hajaulizwa: hatofautishi kulia na kushoto. Hujua kwa kupiga hesabu, kama wengine tunavyohangaika na saba mara nane. Aliona heri awanusuru wananchi. Akiwa chuoni aliwahi kuandika herufi ya kwanza ya kila upande kwenye viganja vyake, akaingia chumba cha mtihani kwa kujiamini, akatazama kiganja kimoja akaona K, akatazama cha pili akaona K. Tangu siku hiyo hutumia njia ya kitoto: hujifanya anakula hewani, na mkono ulioelekea mdomoni ndio wa kulia. Wageni wanaomwona akizungukia wagonjwa hudhani hajapata kifungua kinywa. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, ana falsafa yake: daktari wa ubongo akikosea mara mbili, amepatia.

Wauguzi hawakuiamini falsafa hiyo. Waliweka utaratibu kwamba daktari yeyote akitaja upande, muuguzi aurudie kwa sauti huku amemshika mtoto mkono unaohusika. Leo utaratibu huo unafuatwa hospitali nzima. Ndio mpango pekee wa usalama hapa kwetu uliozaliwa na aibu ya mtu mmoja, na mwenyewe huutaja kama mchango wake mkubwa kwa taaluma.

Si kweli. Mchango wake mkubwa ulianza asubuhi moja uwanjani, katika shule ambayo hakuwahi kufika.

Wakati huo kiharusi kilikuwa ugonjwa wa wazee. Mtoto aliyelegea mkono aliambiwa ameulalia vibaya, amepigwa na baridi, amechomwa sindano pasipostahili, au anadeka tu. Ndipo alipoletwa msichana wa miaka minane, golikipa wa timu ya darasa lake. Watu wote walimwita Kipa, hata mama yake, siku ambazo hakuwa amemuudhi. Mama huyo alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya stendi, na hakuwa na mtoto mwingine.

Mpira uliopigwa kivivu ulimpita Kipa. Ukaja wa pili, akainua mkono mmoja tu. Wenzake wakamcheka. Alipotaka kuwajibu, maneno yalitoka kama yameloweshwa. Mwalimu alimkalisha kivulini, akampa maji, yakamwagika pembeni mwa mdomo. Alipofika nyumbani, mama alimsemesha asijibiwe, akadhani kanuna. Kesho yake kijiko kilimponyoka na mguu ukawa unaburuzika. Mama alifunga kibanda akamleta mbio.

"Jana nimemgombeza," alimwambia Dokta, huku amemkumbatia mtoto kana kwamba tutampokonya. "Nilidhani ananifanyia jeuri. Kumbe maneno yamemwisha."

Dokta alichuchumaa mbele ya Kipa. Alimwomba acheke, upande mmoja wa uso ukacheka, wa pili ukabaki ulivyo. Alimwomba ainue mikono yote miwili. Wa kulia ukateremka wenyewe taratibu kama mkono wa mtu aliyesinzia. Alimwomba amtaje mama yake. Mtoto alifungua mdomo, yakatangulia machozi. Maombi hayo matatu, cheka, inua, sema, ndiyo yaliyokuja kumpa Dokta jina lake. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kutunga majina.

Mkuu wa wodi wa enzi hizo, daktari bingwa aliyetulea sote, alimsikiliza kwa upole kisha akatikisa kichwa. "Miaka minane? Kiharusi kimempata baba yangu, Dokta. Huyu homa imempanda kichwani."

"Nipe picha moja ya kichwa, Mkuu. Nikikosea, zamu zako zote za sikukuu mwaka huu nazifanya mimi."

Mkuu alikuwa mtu wa kupenda sikukuu. Alisaini pale pale.

Picha ilionyesha doa ndani ya ubongo, upande wa kushoto. Muuguzi alithibitisha. Mkuu aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Halafu akauliza swali ambalo hakulielekeza kwa mtu yeyote: "Nimewarudisha wangapi nyumbani?" Tangu siku hiyo hadi anastaafu, kila mtoto aliyefika akiwa amelegea ghafla upande mmoja, Mkuu mwenyewe alisukuma kitanda kwenda chumba cha picha.

Dokta alirudi kwa mama na swali lililoonekana halina kichwa wala miguu: mwaka ule mtoto alikuwa ameugua tetekuwanga? Ndiyo, mama alijibu, miezi michache nyuma, na alijikuna hadi kuta zikamwonea huruma. Hapo fumbo likafunguka. Mara chache sana, vipele vikishakauka na watu wakishasahau, kirusi cha tetekuwanga huuvamia mshipa wa damu wa ubongo na kuuvimbisha kwa ndani. Njia inakuwa nyembamba, damu inaganda, na sehemu ya ubongo inakosa chakula.

"Kwa hiyo mwanangu ana ugonjwa wa bibi yake?" mama aliuliza.

"Jina ni moja, mama, chanzo si kimoja. Mishipa ya bibi ilichakaa. Mshipa wa huyu umechokozwa."

"Atapona?"

"Atarudi kwa kiasi gani, sijui. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Ila ubongo wa mtoto ni nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Fundi bado yuko juu ya ngazi. Tutamwomba apitishe njia mahali pengine."

Kipa alianzishiwa dozi ndogo ya aspirini ili damu isigande tena, akatundikiwa maji, homa na sukari vikachungwa. Hofu ilikuwa kwamba mshipa ule ungeziba zaidi na kuchukua hata kilichobaki. Siku hizo za kwanza Dokta hakutania na mtu. Ndipo tulipojua kwamba mzaha wake una mahali unapokomea, na tukaogopa zaidi.

Mshipa haukuziba. Lakini Kipa hakusema neno. Wiki ikapita, na ya pili ikaingia. Dokta alikuwa amesoma kwamba wimbo wakati mwingine hupita mlango mwingine wa ubongo, si ule unaopitwa na maneno ya kawaida. Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba aliyejitolea kuimba ni yeye. Sauti ya Dokta Cheka ni jambo ambalo uongozi wa hospitali umewahi kulijadili kikaoni. Kila asubuhi alisimama kando ya kitanda na kuimba wimbo wa kuhesabu wa watoto wadogo, akipanda pasipo na ngazi na kushuka pasipo na shimo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliomba kuhamishwa. Mama, kwa heshima, alitoka nje kila mara kufuata maji ambayo tayari yalikuwepo.

Asubuhi moja, akiwa ameshikilia sauti ya juu kama mtu aliyening'inia kwenye tawi, Kipa aliinua mkono wake mzima, akakunja uso, akasema, herufi zote zikiwa mahali pake: "Basi!"

Mama, aliyekuwa mlangoni na jagi lake, aliliachia likaanguka. Dokta hakuelewa kwamba amekemewa. Alidhani ametiwa moyo, akaongeza sauti. "Basi! Basi!" Kipa alilia, na mama akalia, na muuguzi aliyekuwa zamu akaenda kulia dirishani ambako alidhani haonekani. Baadaye Dokta aliwaambia wanafunzi: "Wako madaktari wanaoponya kwa mikono yao. Mimi nimeponya kwa kero."

Ikafika zamu ya Kabati. Ubongo ni kama sisi wafanyakazi: ukipata njia ya mkato hauiachi. Mkono mmoja ukidhoofu, mzima hufanya kila kitu, na mdhaifu husahauliwa kabisa. Dawa yake ni kuuvalisha mkono mzima soksi kwa saa chache kila siku, ili ule mdhaifu ulazimike kufanya kazi. Mama aliposikia mpango huo alisimama.

"Ngojeni kwanza. Mnaufunga mzima, mnauacha mgonjwa? Na mwenye chongo mnamfunga jicho lipi?"

Kabati alimjibu kwa maneno ya kitaalamu ambayo hata yeye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Mama alimtazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya. Dokta hakubishana. Alivua soksi yake mwenyewe, akala hewani kidogo kuhakikisha, akauvika mkono wake wa kulia, na akaagiza chai. Aliinywa kwa kushoto mbele ya Kipa. Theluthi ilimfikia mdomoni. Iliyobaki ilikwenda kwenye koti, kwenye mkeka na kwenye kiatu cha Kabati. Kipa alicheka kwa upande mmoja wa uso, na kwa mbali sana, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili, upande wa pili ukatikisika.

"Kama ndiyo hivyo," mama alisema hatimaye, "basi soksi zenu hizo ni aibu. Nitamshonea mimi." Kesho yake alileta glavu nyekundu isiyo na vidole, yenye kamba mbili na pindo lililonyooka.

Ingependeza kuandika kwamba kuanzia hapo mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Hayakwenda. Kipa alichukia mazoezi, na alimchukia Kabati, ambaye kwa upana wake ni shabaha isiyokosekana hata kwa mkono mdhaifu. Alirushiwa vitofali vya mbao, viatu, na siku moja kikombe chenye uji. Mwezi wa tatu mtoto aliingia chini ya benchi akakataa kutoka. Mama alikaa korido, akamwambia Dokta bila kupandisha sauti: "Nimechoka kumfanyia mwanangu ukatili wa kumsaidia."

Dokta alikaa naye sakafuni. Hakumpa nasaha. Walikaa hivyo hadi wafagizi wakawapita kwa kuwazunguka. Kisha akaagiza glavu ipumzishwe wiki nzima, na akamwita Kabati. "Umekuwa ukimfanyisha mazoezi," alimwambia. "Mimi pia. Huyu ni kipa. Tumchezee mpira."

Mlango wetu usiofungika ukawa goli. Kabati alipiga, Kipa akakaa langoni. Siku nyingi mipira ilimpita upande wa kulia, ikaenda kusumbua foleni ya kliniki. Hatimaye siku moja mkono wa kulia uliinuka. Uliinuka umechelewa, umekunjika, na mpira uliupiga zaidi kuliko ulivyodakwa, lakini haukuingia. Kabati anashikilia hadi leo kwamba alipiga kwa nguvu zake zote. Wanaolijua soka lake wanaamini bila shida.

Kipa alirudi shuleni muhula uliofuata. Maneno yalirudi yote, na mama yake husema yalirudi na mengine ya ziada. Vidole vya kulia havikufunguka sawasawa tena, na akichoka mguu huburuzika. Alijifunza kuandika kwa kushoto.

Si wote waliopata bahati hiyo, na Dokta hakutaka tujifanye wote waliipata. Walikuja watoto wenye siko seli, ambao damu yao huziba mishipa hata kabla hawajaanza shule. Walikuja wengine wamekaa nyumbani wiki nzima wakikandwa. Waliletwa wachanga ambao wazazi walijivunia kwamba ni hodari wa mkono mmoja, na Dokta ndiye aliyelazimika kuwaeleza kwamba mtoto wa miezi minane hapaswi kuchagua mkono. Huenda ule wa pili umeshindwa. Wengine walifariki. Siku kama hizo aliingia stoo ya mashuka akafunga mlango. Hatukumfuata. Tuliacha kikombe cha chai kizingitini, na alipotoka kilikuwa kitupu.

Kutokana na siku hizo alikipanua kitengo. Aliomba stoo ya magodoro, akanyimwa, akaanza kuhudumia watoto humo humo juu ya magodoro hadi wenye stoo wakahamisha mali yao kwa aibu. Aliitafuta mashine inayosikiliza mwendo wa damu kichwani, ili watoto wa siko seli ambao damu yao inakimbia kupita kiasi waongezewe damu kwa utaratibu na kupewa dawa kabla kiharusi hakijabisha hodi. Mashine ilipofika alijifunzia juu ya vichwa vyetu. Kwa Kabati ilichukua muda mrefu kusikia chochote, akatangaza wodini kwamba humo ndani kuna nafasi ya kutosha. Akaenda shule kwa shule kuwafundisha walimu zile amri tatu, na kwamba zikishindwa ghafla, hata moja tu, mtoto apelekwe hospitali saa ile ile, asisubiri kulala aone kesho. Aliwachekesha wapishi, walinzi na madereva. Aliwahi kuchelewa kikao, akamkuta mkurugenzi amekaa amenuna, akamwamuru acheke na ainue mikono. Mkurugenzi aliinua. Tunaamini ndiyo maana bajeti ya mwaka ule ilipita.

Alipovuka miaka hamsini aliamua kujifunza kuendesha gari. Walimu watatu wa udereva walimrudishia fomu zake. Wa nne alikuwa mwanamke aliyeshuka garini akiburuza mguu kidogo, vidole vya mkono wa kulia vimekunjika nusu.

"Shikamoo, Dokta," Kipa alisema. "Leo zamu yangu kukusumbua."

Masomo yalikuwa marefu. Kila alipoambiwa akate kulia, Dokta aliachia usukani na kula hewani katikati ya makutano. "Dokta, ukila tena barabarani nashuka!" Kipa alimfokea, na yeye ndiye aliyekuwa na breki ya pili. Mwishowe alimfunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono na kumwambia asahau maneno kulia na kushoto, ajue tu penye wekundu na pasipo wekundu. Dokta alifaulu mtihani mara ya tatu. Siku ya kupokea leseni alimkumbatia mwalimu wake mbele ya foleni nzima, akalia kama hakuwahi kulia stoo ya mashuka. Leo anaendesha mwenyewe. Wenye nyua zilizo kando ya barabara wametakiwa kuwa watulivu.

Jumanne iliyopita mwalimu wa shule ya msingi alipiga simu kitengoni. Mwanafunzi wake alikuwa anasoma kwa sauti, maneno yakaanza kugongana na kalamu ikamtoka mkononi. Mwalimu hakusubiri mzazi afike. Alimpakia kwenye gari la kwanza lililosimama, na mzazi akakutana nao getini kwetu. Daktari kijana tuliyemwajiri mwaka juzi alimpokea, picha ikapigwa, kipimo cha siko seli kikatoka, damu ikapatikana, na mtoto akaanza kubadilishiwa damu kabla chakula cha mchana hakijagawiwa. Jioni alikuwa anaushika mkono wa baba yake kwa mkono ule ule uliokuwa umelegea.

Muda wote huo Dokta Cheka alikuwa ofisini, hatua chache tu kutoka hapo, akipanga vitu vyake kwenye maboksi. Hakuna aliyekumbuka kumwita. Alipopata habari alikuja amefura, akadai maelezo: tangu lini mambo makubwa yanafanyika humu bila yeye? Daktari kijana alianza kuomba radhi. Dokta akamnyamazisha kwa mkono, akavuta kiti kando ya kitanda, akamtazama mtoto akipumua. Kisha akasema hajawahi kudharauliwa kwa namna tamu kiasi hiki.

Dokta wetu, ahsante. Ahsante kwa watoto wanaotembea, kwa wanaochechemea, na kwa wale uliowashika mkono hadi mwisho. Mume wako, mwalimu wa hesabu, ametuahidi kwamba nyumbani utapumzika; nasi, kwa kukujua, tumempa pole mapema. Nenda ukalale hadi jua likuchoke. Nenda ukaimbe, lakini ufunge madirisha. Huku kazi inaendelea, na kama ulivyoona Jumanne, hatutakuita. Tunakutakia afya, utulivu na maisha mema.